Ada ya Bunduki Marekani: Sheria Ichuje Hatari, Isichuje Mfuko

(Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa darasa la jioni la sheria na uraia.)



Juma lililopita, tulipokuwa tunafunga vitabu, ndugu mmoja wa safu ya nyuma aliniuliza swali. Alisema: "Mwalimu, twaambiwa kwamba Mmarekani amepewa bunduki na Katiba ya nchi yake. Je, amepewa bure?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha na basi halimngoji mtu. Lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba swali lile halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Nimeomba ruhusa ya Mwenyekiti nilijibu leo.

Ni kweli kwamba Katiba ya Marekani, katika Marekebisho yake ya Pili ya mwaka 1791, inataja haki ya watu kuwa na silaha na kuzichukua. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi ndani ya nyumba yake, na mwaka 2010 ikatamka kwamba majimbo nayo yanafungwa na haki hiyo. Tarehe 23 Juni, 2022, ikaenda mbele zaidi: katika shauri lililotoka New York ilisema, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba mwananchi wa kawaida asilazimishwe kuthibitisha shida ya pekee ndipo aruhusiwe kubeba bastola nje ya nyumba yake. Sheria ya New York iliyovunjwa siku hiyo ilikuwa na asili ya zaidi ya miaka 100.

Majimbo yaliyokuwa na sheria kali hayakukaa kimya. Mlango mmoja ulipofungwa yalifungua mwingine. Kama haiwezekani tena kumwuliza mwombaji, "Una sababu gani?", basi inawezekana kumwambia, "Hudhuria mafunzo, leta wadhamini, chapa alama za vidole, lipa ada." Nataka tuutazame huo mlango mpya, hasa neno lile la mwisho.

Hebu tufanye hesabu. Tumfikirie mama mmoja wa mfano anayesafisha ofisi usiku katika jiji la New York, naye anaishi mtaa wa Bronx. Anatoka kazini alfajiri, anapita njia asiyoiamini. Anaamua kuomba kibali cha kubeba bastola. Ada ya maombi katika jiji hilo, iliyowekwa tangu mwaka 2004, ni dola 340. Ada ya alama za vidole ni dola 88 na senti 25. Jumla ni dola 428 na senti 25, na hizo ni za kuomba tu: hajanunua bastola, hajanunua risasi, wala hajanunua sanduku la kuifungia. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara jijini humo kilikuwa dola 16 na nusu kwa saa. Kwa hiyo mama huyu anafanya kazi kiasi cha saa 26, kabla ya kodi, ili karatasi yake ipokelewe dirishani.

Sheria mpya ya jimbo hilo, iliyoanza tarehe 1 Septemba, 2022, inamtaka pia ahudhurie mafunzo ya saa 16 darasani na saa 2 za kulenga shabaha. Mafunzo hayo hayatolewi na Serikali bure; anayafuata kwa mwalimu binafsi na kumlipa. Tuache malipo ya mwalimu. Saa 18 peke yake, kama ni saa ambazo angekuwa kazini, ni karibu dola 300 zilizopotea. Tukijumlisha saa za kutafuta ada na saa za mafunzo tunapata saa 44, yaani zaidi ya juma zima la kazi. Aidha, ofisi ya leseni ipo makao makuu ya polisi, kusini kabisa mwa kisiwa cha Manhattan, na ofisi hufunguliwa mchana, wakati mtu wa zamu ya usiku amelala. Baada ya miaka 3 anaanza tena kutafuta dola 340.

Sasa mtazame mwenye nyumba ya fahari upande wa pili wa mto. Yeye dola 428 ni chakula cha jioni cha watu wawili. Alama za vidole atazichapa akiwa njiani kwenda ofisini. Sheria imewaambia wote wawili maneno yale yale, herufi kwa herufi, lakini mmoja imemwambia "ngoja kidogo" na mwingine imemwambia "hapana".

Marehemu babu yangu alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe shambani. Nakumbuka kwamba aliponung'unika juu ya leseni yake hakuwa ananung'unikia shilingi za leseni; alikuwa ananung'unikia siku 2 za kutembea hadi bomani na siku 2 za kurudi, wakati wa palizi. Nilielewa tangu utoto kwamba ada iliyoandikwa kwenye karatasi ni ndogo kuliko ada yenyewe.

New York haiko peke yake. Katika New Jersey, Desemba 2022, Gavana alitia sahihi sheria iliyopandisha kitambulisho cha mwenye silaha kutoka dola 5 hadi dola 50, kibali cha kununua bastola kutoka dola 2 hadi dola 25, na kibali cha kubeba hadi dola 200. Wenye sheria walisema, na walisema kweli, kwamba ada za zamani zilikuwa zimekaa miongo mingi bila kuguswa. Lakini mtu anaweza kusasisha ada bila kuizidisha mara kumi kwa siku moja. Sheria hiyo hiyo ilidai pia mwenye kibali cha kubeba awe na bima. Mahakama ya shirikisho ikalizuia sharti hilo mwaka 2023. Maryland nayo, tangu mwaka 2013, inataka ada ya dola 50, alama za vidole, na mafunzo ya saa 4 kabla mtu hajanunua bastola. Sheria hiyo ilishitakiwa kwa miaka mingi, na mwaka 2024 mahakama ya rufani ya shirikisho ikaiacha isimame.

Lakini kisa ninachotaka kukikalia ni cha Chicago, kwa sababu kinaonyesha jinsi ada isiyo na jina la ada inavyoweza kuwa nzito kuliko ile yenye stakabadhi.

Mtu aliyeshitaki hadi akapata ile hukumu ya mwaka 2010 aliitwa Otis McDonald. Alikuwa mzee Mwafrika wa Marekani, mstaafu, aliyeishi katika mtaa wa kusini mwa Chicago uliokuwa umeingiliwa na magenge na wauza dawa za kulevya, na nyumba yake ilikuwa imevunjwa zaidi ya mara moja. Alikuwa na bunduki ndefu, lakini aliona kwamba mzee kama yeye angeimudu bastola vizuri zaidi chumbani usiku. Jiji lilikuwa limezuia bastola tangu mwaka 1982. Mahakama ya Juu ikampa haki.

Siku chache tu baadaye baraza la jiji likapitisha sheria mpya. Sheria ile ilisema kwamba anayetaka kibali lazima apate mafunzo ya darasani na saa moja ya kulenga shabaha uwanjani. Jambo jema, mtu atasema. Nani anataka jirani asiyejua kushika bastola? Lakini katika sheria hiyo hiyo, jiji lilipiga marufuku viwanja vya shabaha vya umma ndani ya mipaka yake. Yaani, mwananchi, huruhusiwi mpaka ufunzwe, na hapa petu huruhusiwi kufunzwa. Nenda nje ya mji. Mwenye gari alikwenda nje ya mji. Asiye na gari alikodi, akaomba ruhusa kazini, akapoteza siku. Mwaka 2011 mahakama ya rufani ya shirikisho iliona mchezo huo na kuuzuia, lakini mashauri kuhusu mahali pa kujenga viwanja hivyo yaliendelea hadi mwaka 2017. Mzee McDonald alifariki mwaka 2014.

Watu weusi wa Marekani wanapoliona jambo hili hawalioni kama geni, na hapa yafaa turudi nyuma. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 na watumwa kuachwa huru, mwezi Novemba mwaka huo huo jimbo la Mississippi lilitunga sheria kwamba mtu aliyeachwa huru asiwe na bunduki wala risasi mpaka apewe leseni na bodi ya wilaya. Sheria ile ilitaja rangi bila haya. Baadaye, kutaja rangi kulipokuwa hakuwezekani, ilitajwa bei. Mwaka 1879 Tennessee ilizuia uuzaji wa bastola zote ila zile kubwa za aina ya jeshi la nchi kavu na jeshi la majini. Hizo ndizo zilizokuwa ghali, na ndizo walizokuwa nazo tayari maaskari wa zamani wa upande wa watumwa, nikiwa na maana ya upande uliopigania utumwa. Mwaka 1893 Florida ilitaka mwenye bunduki ya kurudia risasi awe na leseni na aweke dhamana ya dola 100. Kibarua wa kambi za mbao na utomvu angezipata wapi dola 100? Mwaka 1941 jaji mmoja wa mahakama kuu ya jimbo hilo, Rivers Buford, aliandika waziwazi katika hukumu kwamba sheria ile ilikusudiwa kuwanyang'anya silaha vibarua weusi, wala haikukusudiwa kamwe kuwagusa wazungu. Na mwaka 1956, katika jimbo la Alabama, mchungaji mmoja kijana ambaye nyumba yake ilikuwa imetupiwa bomu aliomba kibali cha kubeba silaha akanyimwa. Jina lake Martin Luther King.

Serikali ya shirikisho nayo iliwahi kulitumia jambo hili bila kuficha. Sheria ya mwaka 1934, iliyozaliwa na vita vya magenge ya pombe, iliweka kodi ya dola 200 juu ya kila bunduki ya rashasha, bunduki iliyofupishwa mtutu, na kizuia sauti. Dola 200 za wakati huo ni zaidi ya dola 4,000 za leo. Kodi hiyo haikukusudiwa kuijaza hazina. Ilikusudiwa kuwakatisha watu tamaa. Ajabu ni kwamba tarakimu ile haikubadilishwa kwa zaidi ya miaka 90, mpaka thamani ya fedha ikaula ukali wake wenyewe, na kuanzia tarehe 1 Januari, 2026, imefutwa kwa vizuia sauti na bunduki zilizofupishwa, ikabaki kwa rashasha na silaha za kulipua.

Ndugu zangu, mpaka hapa mtu anaweza kudhani nimekuja kuwatetea wauza bunduki. La hasha.

Mwaka 2023 watu 46,728 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Nchi inayozika watu kiasi hicho kwa mwaka haiwezi kuambiwa isiulize nani ananunua nini. Na hao wanaouawa na wenzao si wenye nyumba za fahari. Wengi wao ni vijana weusi wa mitaa ile ile ya kina mzee McDonald. Ada ya hospitali, ada ya jeneza, na mshahara wa baba asiyerudi nyumbani, vyote hivyo hulipwa na yule yule mnyonge tunayemhurumia dirishani. Mwaka 1995 jimbo la Connecticut lilianza kudai kibali, ukaguzi na mafunzo kabla ya kununua bastola. Mwaka 2007 Missouri ilifuta kibali chake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipoyalinganisha majimbo hayo na mengine walikuta mauaji ya bunduki yameshuka kule Connecticut na yamepanda kule Missouri. Mtu mwenye hasira akilazimika kungoja, akakutana na karani na kuchapa vidole, mara nyingine hasira hupoa. Mtu anayemnunulia jambazi bastola kwa jina lake huogopa dirisha lenye polisi kuliko kaunta ya duka.

Na ukaguzi huo una gharama ya kweli. Karani hulipwa. Mashine ya alama za vidole hununuliwa. Wakazi wa New York waliposhitaki juu ya zile dola 340, jiji lilionyesha hesabu kwamba kila ombi linaligharimu zaidi ya hizo, na mwaka 2013 mahakama ya rufani ikakubali. Nimeisoma hoja hiyo, nami naiona ina nguvu kwa mhasibu na ina udhaifu kwa mwananchi. Kama jiji linasema kwamba ukaguzi ule unawalinda wakazi wote milioni nane, mbona gharama yake yote anabebeshwa mmoja anayeomba? Zimamoto haimtozi aliyeunguliwa nyumba. Ile hukumu kubwa ya mwaka 2022 iliacha maneno machache chini ya ukurasa, kwamba ada zilizopita kiasi, au kungojeshwa kupita kiasi, kunaweza kushitakiwa. Haikusema kiasi ni kipi. Tangu hapo mawakili wamepata kazi ya miaka mingi.

Yapo majimbo yaliyojaribu njia nyingine. California, kuanzia Julai 2024, inatoza asilimia 11 juu ya mauzo ya bunduki na risasi. Anayelipa hazina ni muuzaji na mtengenezaji, na fedha inakwenda katika kuzuia ujambazi na kulinda shule. Wapiga kura wa Colorado waliidhinisha asilimia 6 na nusu mwezi Novemba 2024, ikaanza Aprili 2025, fedha nyingi zikielekezwa kwa waathirika wa uhalifu. Wauza bunduki walilia kwamba jambo hilo ni jipya na ni dhuluma. Si jipya. Tangu mwaka 1937 kodi ya shirikisho juu ya bunduki ndefu na risasi, ambayo sasa ni asilimia 11, inatumika kuhifadhi wanyama pori na makazi yao, na wawindaji wenyewe hujivunia kodi hiyo. Sijui kwa nini asilimia 11 kwa ajili ya swala iwe heshima, na asilimia 11 kwa ajili ya mtoto wa shule iwe dhuluma. Ni kweli kwamba muuzaji atamsukumia mnunuzi sehemu ya kodi hiyo. Lakini anayenunua bunduki ya dola 3,000 atalipa zaidi kuliko anayenunua bastola ya dola 300, na hilo walau linafanana na haki kuliko ada iliyo sawa kwa tajiri na kabwela.

Tuwe macho pia na machozi ya mamba. Vyama vya wenye bunduki, chenye nguvu zaidi kikiwa kile kiitwacho NRA, hupenda sana kumtaja mama maskini wa zamu ya usiku vinapokwenda mahakamani kupinga ada. Vinamkumbuka siku hiyo. Mama huyo huyo anapodai kima cha chini cha mshahara, ambacho serikali ya shirikisho imekiacha kwenye dola 7 na senti 25 tangu mwaka 2009, sauti zao hazisikiki. Mimi ninapotaka kujua mnyonge anasema nini juu ya jambo hili huwatazama wale wanaomtetea kila siku. Katika shauri lile la mwaka 2022, mawakili wa umma wa New York, watu wanaowatetea washitakiwa wasio na fedha, waliandikia mahakama kupinga sheria ya jimbo lao wenyewe. Walisema kwamba wateja wao, karibu wote weusi na Walatini, hupelekwa gerezani kwa kosa la kuwa na bastola bila leseni ambayo hawakuwa na njia ya kuipata. Na kosa hilo katika New York, bastola ikiwa imejazwa risasi nje ya nyumba, kifungo chake huanzia miaka 3 na nusu. Hiyo ndiyo ada ya mwisho kwa asiyeweza kulipa ya kwanza.

Kwa upande mwingine, majimbo 29 sasa humruhusu mtu mzima abebe bastola bila kibali chochote. Huko ada ya kibali si kikwazo, na wala hakuna darasa. Mama wetu wa mfano angehamia huko asingelipa kitu dirishani. Lakini na yule anayemwogopa njiani naye asingelipa kitu.

Kwa hiyo, ndugu wa safu ya nyuma, jibu langu ni kwamba hakupewa bure, na tena hakuuziwa kwa bei moja. Naafiki ukaguzi, naafiki mafunzo, naafiki kungoja. Sikubali kwamba ufunguo wa hayo yote uwe dola. Ukaguzi na ulipiwe na hazina, mafunzo yatolewe na Serikali iliyoyaamuru, ofisi ifunguliwe na Jumamosi, na kodi itafutwe kwa wanaotajirika na biashara hiyo.

Mifano mipya ya kutazama ipo. Colorado ilitunga sheria mwezi Aprili 2025, iliyopangwa kuanza tarehe 1 Agosti, 2026, inayodai kadi ya mkuu wa polisi wa wilaya na mafunzo kabla ya kununua aina nyingi za bunduki zinazojipakia zenyewe na zenye kasha la risasi la kuchomoa. Wabunge waliingiza humo kifungu cha kuwapunguzia gharama wenye kipato kidogo. Jimbo la Washington nalo limepanga kuanza kudai kibali cha kununua mwezi Mei 2027. Mtakapozisoma sheria hizo msianze na vifungu vya adhabu. Anzeni na jedwali la ada, kisha tafuteni kwenye ramani uwanja wa shabaha uko wapi, na basi la mwisho la kurudi kutoka huko linaondoka saa ngapi.